Shilingi milioni tatu za maktaba ya shule: ununue nini, nakala ngapi, kwa masharti gani

Shule nyingi zikipata fedha za maktaba, hatua ya kwanza ni kumpigia simu muuza vitabu na kumwomba orodha yake. Orodha inakuja, mkuu wa shule na mwalimu wa maktaba wanaweka alama, malipo yanafanyika, na wiki mbili baadaye maboksi yanashushwa. Mwaka ukiisha, daftari la kuazima linaonyesha kuwa sehemu kubwa ya vitabu hivyo haijaguswa. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Orodha ya muuzaji huandikwa kwa kuangalia kilichojaa stoo yake, na shule imemsaidia kuipunguza stoo hiyo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: sekondari ya kutwa ya serikali nchini Tanzania, wanafunzi 600, chumba cha maktaba chenye vitabu kama 1,500, vingi vikiwa vya kiada vya zamani, na shilingi 3,000,000 za kununulia vitabu mwaka huu. Bei zitakazotajwa ni za kufanyia hesabu tu. Weka za mji wako.

Kwanza, usilipie kiada kwa fedha za maktaba

Vitabu vya shule viko vya aina tatu. Kiada ni kitabu cha somo kinachofuata muhtasari sura kwa sura, na mahali pake ni mikononi mwa mwanafunzi kila kipindi. Ziada ni kitabu kinachopanua somo au kinachosomwa kwa ajili ya kusoma: hadithi, tamthilia, wasifu, kitabu cha wadudu, cha nyota, cha ufugaji wa kuku. Rejea ni kitabu kisichosomwa mwanzo hadi mwisho, kama kamusi, atlasi na ensaiklopidia.

Fedha za maktaba ni za ziada na rejea. Kila mwaka kuna mwalimu wa taaluma atakayeomba zitumike kununua kiada kwa sababu kidato fulani kina kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane, na ombi lake lina haki kabisa. Hata hivyo kiada ina njia yake: huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, husambazwa kwa mpango wa serikali, na ina nafasi katika ruzuku ya uendeshaji ambayo hukokotolewa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Ukiziba pengo la kiada kwa fedha za maktaba, pengo la ziada halina mfuko mwingine wa kulizibia.

Kuna sababu ya pili, nayo inaonekana kwa macho kwenye rafu. Mtaala ukibadilika, kiada hufa. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya kwanza kufikiwa umeanza kuvistaafisha vitabu vya kiada vya zamani, na miaka michache ijayo rafu zilizojengwa kwa kiada zitakuwa ghala la karatasi. Hadithi nzuri na kamusi nzuri huvuka mitaala miwili, mitatu.

Hesabu inavyobana

Toa kwanza gharama ambazo si vitabu. Usafiri, nailoni ya kufunikia majalada, gundi, lebo, wino wa mhuri na rejesta hula takriban asilimia 15, yaani shilingi 450,000. Shule zinazosahau fungu hili hupokea vitabu vizuri na kuviweka wazi bila jalada, na kufikia muhula wa pili vimechanika pembe. Zinabaki 2,550,000. Kwa bei ya wastani ya 10,000 hizo ni nakala 255.

Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na shirikisho la kimataifa la wakutubi, IFLA, mwaka 2002 ulipendekeza vitabu kumi kwa kila mwanafunzi, na si chini ya vitabu 2,500 hata kwa shule ndogo kabisa. Wanafunzi 600 wangehitaji vitabu 6,000. Kwa nakala 255 kwa mwaka, ukianza rafu tupu na bila kitabu kupotea wala kuchakaa, ungefika baada ya miaka 23 na nusu. Kwa hiyo kigezo hicho usikifanye lengo la mwaka. Kazi yake hapa ni kuonyesha kwamba kila nakala inayokaa bila kusomwa ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ankara.

Kutafuta pengo

Kabla ya kuandika jina la kitabu hata kimoja, hesabu kilichopo. Walimu wawili na wanafunzi sita wa klabu ya maktaba wanaweza kumaliza vitabu 1,500 kwa siku mbili. Kwa kila kundi la Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, andika mambo manne: idadi ya majina, idadi ya nakala, mwaka wa toleo la kitabu kipya kuliko vyote, na idadi ya vilivyoharibika. Safu ya mwaka ndiyo hufumbua macho. Kundi la 500, la sayansi, linaweza kuwa na vitabu 200 vikaonekana vingi, kumbe kipya kuliko vyote ni cha 1994.

Halafu chukua daftari la kuazima. Hesabu mara ambazo kila kundi liliazimwa mwaka uliopita, ugawe kwa idadi ya nakala zake. Tuseme hadithi za Kiswahili ziko nakala 40 na zimetoka mara 320: kila nakala imetoka mara nane, na wanafunzi wanazisubiri kwa foleni. Tuseme tena vitabu vya uraia viko 200 na vimetoka mara 50: kila nakala imetoka robo ya safari. Kundi la kwanza linahitaji fedha. La pili linahitaji kupunguzwa. Rejea usizipime kwa njia hii, maana hazitoki nje ya chumba. Weka karatasi juu ya meza, kila anayefungua kamusi au atlasi apige mstari, kwa wiki mbili tu.

Walimu waulizwe pia, ila swali liwe sahihi. Ukiuliza "unataka vitabu gani?" utapewa majina ya kiada. Uliza "ni mada zipi wanafunzi hukwama kwa kukosa cha kusoma nje ya kitabu cha darasani?" Hapo mwalimu wa historia atakutajia miji ya pwani na biashara ya Bahari ya Hindi, wa jiografia atataja usomaji wa ramani, wa biolojia atataja uainishaji wa viumbe. Sasa una mada unazoweza kuzitafutia vitabu.

Lipo pengo moja ambalo karibu kila sekondari ya Tanzania inalo na orodha za wauzaji hulipita. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Maktaba inampokea kwa riwaya za Kiingereza zilizoandikwa kwa watu wazima wanaoijua lugha hiyo. Anafungua, anasoma mistari mitatu, anarudisha. Anachohitaji ni vitabu vyembamba vya Kiingereza rahisi, vilivyopangwa kwa ngazi kufuatana na idadi ya maneno: ngazi ya maneno kama 400, kisha 700, kisha 1,000. Kitabu cha kurasa 40 anakimaliza kwa siku mbili, na kule kumaliza ndiko kunakomrudisha kuchukua kingine. Kama shule haina kundi hili, lianze kabla ya kitu kingine chochote, na uzito uwe kwenye ngazi mbili za chini. Kosa la kawaida ni kununua ngazi za juu kwa hoja kwamba "hawa ni wa sekondari, si watoto".

Kwa mfano wetu, mgawanyo wa 2,550,000 unaweza kuwa hivi: Kiingereza rahisi 750,000, hadithi, ushairi na tamthilia za Kiswahili 700,000, rejea 400,000, sayansi na hisabati za ziada 400,000, historia, jiografia na stadi za kazi 200,000, na 100,000 zibaki akiba kwa kitabu kitakachoombwa katikati ya mwaka. Mtu aliyesoma mwongozo wa IFLA atauliza mbona hadithi ni nyingi, wakati mwongozo unataka angalau asilimia 60 ya vitabu iwe ya maarifa yanayohusiana na masomo. Asilimia hiyo ni ya rafu nzima, na rafu za shule hii tayari zimeelemea upande huo. Ununuzi wa mwaka mmoja hurekebisha mlalo uliopo, kwa hiyo uwiano wake lazima utofautiane na uwiano wa rafu.

Majina au nakala?

Nakala 255 zinaweza kuwa majina 51 kwa nakala tano tano, au majina 127 kwa nakala mbili mbili. Kwa maktaba ndogo, chagua majina mengi. Mwanafunzi anayeingia mara ya pili na kuona vitabu vile vile haji mara ya tatu. Hadithi, nakala mbili. Kiingereza rahisi, mbili kwa ngazi za juu na tatu kwa za chini. Vitabu vya maarifa, moja au mbili. Atlasi na ensaiklopidia, moja.

Vitu viwili havifuati kanuni hiyo. Kamusi hutumika darasa zima kwa wakati mmoja, kwa hiyo kumi za aina moja zina faida kuliko aina tano tofauti. Vitabu teule vya fasihi vinavyotahiniwa navyo huhitajika na kidato kizima kwa miezi ile ile. Nunua kwa kukisia nakala moja kwa wanafunzi watatu au wanne, uviazimishe kwa siku tatu badala ya wiki mbili. Hakikisha kwanza bado viko kwenye orodha ya vitabu teule ya mwaka huo, usitegemee kumbukumbu ya mwalimu.

Kitabu kikiwa mkononi

Kitabu kichaguliwe kwa kufunguliwa. Jina na picha ya jalada havitoshi, na katalogi ni tangazo la biashara. Nenda dukani, au mwombe mchapishaji nakala za kukagua; wengi wanazo.

Anza na ukurasa wa haki miliki. Tofautisha toleo na chapa. Toleo jipya lina maana mwandishi au mhariri amerekebisha maandishi. Chapa mpya ni maandishi yale yale yaliyopigwa tena mtamboni. Kitabu cha sayansi chenye "chapa ya 2022" na "toleo la kwanza 1998" ni kitabu cha 1998. Angalia ISBN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu: vitabu vya wachapishaji wa Tanzania huanza 978-9987, 978-9976 au 978-9912, vya Kenya 978-9966 au 978-9914. Namba isiyolingana na mchapishaji aliyetajwa ni dalili ya nakala ya wizi. Dalili nyingine ni picha zenye ukungu, maandishi yaliyopinda kwenye ukurasa, na wino unaoonekana upande wa pili wa karatasi.

Kwa atlasi na vitabu vya jiografia kuna kipimo cha dakika moja. Tafuta Sudan Kusini, iliyopata uhuru 2011. Tafuta mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa 2012, na Songwe iliyofuata 2016. Tafuta Eswatini, jina lililoanza 2018. Kama kitabu kinaeleza Jumuiya ya Afrika Mashariki, je, kinaitaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga 2022 na Somalia iliyojiunga 2024? Atlasi inayokosa Songwe usinunue hata kwa nusu bei, kwa sababu mwanafunzi wa Mbozi ataitafuta nyumbani kwao na kuikosa.

Ugumu wa lugha upimwe na wasomaji wenyewe. Mpe mwanafunzi wa kawaida, asiwe wa kwanza darasani, ukurasa wenye maneno kama 100. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi, kitabu hicho hatakisoma peke yake. Rudia kwa wanafunzi watatu. Walimu hukisia vibaya jambo hili, nao hukisia kuelekea juu.

Kisha mwili wa kitabu. Kifungue katikati, kilaze wazi mezani, usikilize uti wake. Kilichogundishwa vibaya hulia na karatasi huinuka hapo hapo. Kilichoshonwa kwa uzi hudumu kuliko vyote, na kwa kamusi na atlasi inafaa kulipia zaidi. Vitabu vyembamba hufungwa kwa pini za chuma, na hapo mahali shule ilipo pana neno: Tanga, Mtwara au Pemba, hewa ya chumvi huozesha pini hizo na kutu yake hula karatasi mpaka kurasa za kati zinadondoka. Usiviache kwa sababu hiyo, kwani vitabu vizuri vya wasomaji wachanga viko hivyo. Ving'oe pini vikiwa vipya, utoboe matundu matatu kwenye mkunjo, ushone kwa uzi wa pamba. Wanafunzi wawili hushona zaidi ya ishirini kwa alasiri moja.

Mwisho wa ukaguzi ni uhalali. Nchini Tanzania kitabu cha kutumika shuleni kinatakiwa kiwe na ithibati ya Kamishna wa Elimu. Mwombe muuzaji ushahidi wake, usiridhike na maneno. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule kwa kukiuka maadili, na shule zilizokuwa navyo zilitakiwa kuviondoa. Fedha za kitabu kilichoondolewa hazirudi.

Kununua

Shule ya serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023. Mfumo humvutia mwenye bei ya chini, na bei ya chini kwenye vitabu ina njia mbili za mkato: nakala za wizi, na matoleo ya zamani yaliyododa stoo. Kinga pekee ni maelezo ya bidhaa. Ukiandika "vitabu vya hadithi, mchanganyiko, nakala 70", umempa mzabuni ruhusa ya kukuletea chochote. Kila kitabu kiwe na mstari wake: jina kamili, mwandishi, mchapishaji, ISBN, toleo, aina ya ufungaji, idadi ya nakala. Ni kazi ya siku nzima kuandika mistari 120 hivi. Ifanye.

Ongeza masharti manne kwenye LPO, yaani hati ya oda anayopewa mzabuni. Nakala ziwe za mchapishaji halisi, na za wizi zirudishwe kwa gharama ya mzabuni. Hakuna kubadilisha jina au toleo bila kibali cha maandishi cha shule. Kitabu chenye kasoro ya uchapaji kibadilishwe ndani ya siku 30. Malipo baada ya kamati ya mapokezi kukagua, na kwa risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Sharti la pili ndilo hukiukwa zaidi, na kwa lugha tamu: "hicho kimeisha, nimewaletea kinachofanana nacho."

Uliza bei kwa wachapishaji wenyewe pia, hasa ukichukua majina mengi ya nyumba moja, maana punguzo wanalowapa maduka wanaweza kuipa shule. Na anza mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30. Shule inayoanza kuandika orodha Mei hujikuta inanunua kilichopo dukani ili fedha zisirudi. Orodha iwe tayari Februari, nukuu za bei Machi, mzigo ufike kabla ya likizo ya Juni.

Siku ya mapokezi

Usitie saini hati ya makabidhiano kwa kuhesabu maboksi. Fungua, linganisha kila jina na ISBN na LPO, kisha kagua kurasa za kila nakala. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa kuwa kurasa 16 au 32, kwa hiyo kasoro huja kwa mafungu: kutoka ukurasa wa 32 unaruka hadi 49, au fungu moja limefungwa juu chini. Kupitisha kidole pembeni ukiangalia namba za kurasa kunatosha, sekunde kumi kwa kitabu.

Kilichogundishwa kifunguliwe kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, mpaka ukutane katikati. Gundi hujikunja bila kupasuka. Halafu mhuri kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa siri ulio sawa kwa vitabu vyote, tuseme wa 17. Anayechana ukurasa wa kwanza ili auze kitabu huwa hajui wa pili. Andika kwenye rejesta: namba, tarehe, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, bei, chanzo. Bei isirukwe, ndiyo mwanafunzi atakayepoteza kitabu atakayolipia. Namba za Dewey za kubandika kwenye uti: fasihi ya Kiswahili 896.392, lugha ya Kiswahili 496.392, historia ya Tanzania 967.8. Vitabu vya hadithi vikiwa chini ya nakala 300, kibandiko cha rangi na herufi tatu za jina la mwandishi vinatosha.

Vitabu vya msaada

Vya bure navyo vina gharama: usafiri, nafasi ya rafu, muda wa kusajili. Vipitishe kwenye vipimo vile vile. Ensaiklopidia ya 1987 au kitabu cha kodi za Marekani hakimsaidii mtoto wa Kasulu, na kikikaa rafuni kinamficha kitabu kinachomfaa. Andika ukurasa mmoja wa kanuni, bodi ya shule iupitishe: shule inaomba orodha kabla ya mzigo kutumwa, na ina haki ya kukataa. Wafadhili makini hawachukii kuulizwa. Mashirika mazuri ya vitabu hutuma orodha yenyewe. Kama shule ina kompyuta au projekta, vipo pia vitabu vyenye leseni huria, vikiwemo vya Kiswahili kwenye tovuti ya African Storybook, ambavyo ruhusa ya kuvichapa na kuvifunga shuleni tayari imetolewa.

Karibu na meza ya kuazima weka daftari lenye safu tatu: tarehe, kidato, kitabu au mada iliyotafutwa ikakosekana. Mwanafunzi aandike mwenyewe, bila jina lake. Mada ikiandikwa mara tano, tumia ile 100,000 ya akiba. Zinazobaki zihamishie kwenye orodha ya Februari.